Sindano mbili, kroshia au mashine ya fundi: ufume nini, kwa uzi gani, umpe nani

Ukiamua kuwafumia ndugu zako zawadi, watu watakuuliza rangi. Rangi haina shida. Shida ni nguo hiyo itafuliwa na nani, kwa sabuni gani, na itapigwa pasi au la. Kuna mizula mizuri ya kufuma ambayo humalizwa na pasi ya mkaa wiki ya kwanza tu, na kuna sweta za sufu, zimetoka mitumbani zikiwa safi kabisa, zinafuliwa kwa maji ya moto mpaka zinamwenea mwanasesere. Kwa hiyo kabla ya kubishana sindano mbili au kroshia, mjue kwanza atakayevaa na mahali anapokaa.

Hapa Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku hushuka mpaka karibu nyuzijoto 15, na ule upepo mkavu wa kiangazi unaingia hata kwenye mkono wa shati. Si baridi ya kutisha, ila mzula na soksi vinapata kazi. Kigoma mjini mambo ni tofauti. Ziwa Tanganyika liko mita 773, na joto lake halikuruhusu kuvaa skafu Mwanga wala Ujiji. Ukimpelekea bibi skafu nene huko atashukuru, ataikunja, ataiweka kabatini. Panda sasa Kasulu, Buhigwe, uende mpaka milima ya Manyovu: asubuhi ukungu umetanda na kina mama wamejitanda shali. Halafu kuna watoto wetu wanaosoma bweni Njombe na Makete, ambako katikati ya mwaka umande huganda juu ya majani. Na kuna ndugu walioko Kanada au Marekani, wanaosubiri basi Januari huku theluji inaanguka. Hawa watu watano huwezi kuwafumia kitu kimoja.

Sindano mbili au kroshia

Tofauti kubwa haiko mikononi, iko kwenye vitanzi. Kwenye sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari vinakaa wazi juu ya sindano kwa wakati mmoja. Kimoja kikichomoka usipokiona, kinashuka mstari kwa mstari mpaka chini na kuacha ufa. Kwenye kroshia kinachosubiri ni kitanzi kimoja tu. Mtoto akivuta uzi, unapoteza vishono vichache, unachomeka ndoano tena, unaendelea. Kama unafumia kwenye benchi la dukani huku wateja wanakuja na kuondoka, au una mtoto anayetambaa, kroshia haitakusumbua sana.

Lakini angalia kitambaa chenyewe. Cha sindano mbili kinavutika na kurudi, hasa ule mshono wa mistari ya kusimama, viwili mbele viwili nyuma, unaouona mwisho wa mikono na kiunoni mwa sweta. Mzula ukifumwa hivyo unashika kichwa bila kubana, na soksi haishuki kisiginoni. Kroshia hutoa kitambaa kinene, kilichosimama, kisichovutika sana. Soksi ya kroshia inavalika, ila vinundu vyake utavisikia chini ya unyayo ukiingiza mguu kwenye kiatu. Mimi soksi za kroshia nazikubali kwa kulalia tu.

Kwa shali na blanketi la mtoto ni kinyume chake. Hapo hutaki kitu kinachovutika na kulegea kila kikining'inizwa kambani, unataka kitu kinachokaa kwenye umbo lake, na kroshia inashinda bila ubishi. Inashinda pia kwenye kofia nyeupe ya Idi, ile ya kroshia (siyo ya viua, hiyo ni kazi nyingine kabisa). Kwa babu wa Ujiji, kofia ya kroshia ya uzi mwembamba wa pamba ndiyo zawadi ya kufuma pekee ninayoweza kuitetea kwenye lile joto: ina matundu, inapitisha hewa, na inavaliwa mwaka mzima.

Kroshia pia hula uzi zaidi. Kwa eneo lile lile na uzi ule ule, kishono cha kroshia kinajizungusha juu ya wenzake na kinameza uzi ambao sindano mbili zingeutandaza. Ukiwa na mabonge mawili tu na huna hakika ya kuipata tena rangi ile sokoni, fuma kwa sindano. Jambo la rangi lina uzito kuliko linavyoonekana: mabonge ya rangi moja yaliyotiwa rangi siku tofauti kiwandani hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani, inaonekana juani ukishamaliza. Lebo ya bonge huwa na namba ya mkupuo wa rangi. Nunua yote kwa mara moja, namba zikiwa sawa.

Kwenye vifaa, kroshia ni ndoano moja na mambo yamekwisha. Sindano za dukani zipo, za chuma, plastiki na mianzi, lakini kwa nyumba nyingi za huku sindano ya kwanza ilikuwa spoki ya baiskeli, na Tabora baiskeli hazijawahi kuadimika. Spoki ina unene wa milimita 2 au zaidi kidogo. Kwa uzi mnene wa skafu ni nyembamba mno. Utapata kitambaa kigumu kisichokunjika. Kwa soksi, ndiyo kipimo chenyewe. Soksi hufumwa kwa sindano fupi tano, nne zikishika vitanzi kwa mduara na ya tano ikifuma, na spoki za gurudumu moja zinatoka na urefu sawa kwa kawaida. Kata kile kichwa kilichopinda na upande wenye nati, piga tupa ncha zote mbili, kisha msasa laini, kisha pitisha ncha kwenye kitambaa cha soksi kuukuu. Ikikwaruza popote, bado. Rudisha msasa, maana ncha yenye ukucha itachana uzi kila mstari na hutajua kwa nini kazi inakuwa na manyoya.

Na mashine ya fundi?

Kwa sweta nzima ya mtu mzima, mpelekee fundi sweta. Anayefuma sweta za shule kwa mashine ya mezani atakupa kazi iliyonyooka, kwa muda ambao wewe kwa mkono hujamaliza mgongo. Mashine za kufuma si jambo la jana. Mwingereza William Lee aliunda ya kwanza mwaka 1589, na kazi ya sindano mbili imekuwa ikiigwa na mashine tangu hapo. Kroshia ya kweli bado hakuna mashine ya kiwandani inayoifuma. Ukiona shali ya kroshia, jua kuna mkono wa mtu.

Mwanafunzi wa bweni usimfumie sweta, hata kwa mashine, kabla hujauliza rangi ya sare. Sweta isiyo ya sare inaishia sandukuni. Soksi za kulalia hakuna mwalimu wa zamu atakayezikagua.

Uzi: hapa ndipo zawadi inapofia

Uzi mwingi utakaokutana nao sokoni ni akriliki. Ni wa bei nafuu, una kila rangi, haung'atwi na nondo, unafulika kwa sabuni yoyote na unakauka upesi. Wengi tunaishia hapo, na kwa mzula wa kijana wa Tabora si uamuzi mbaya hata kidogo. Ubaya wake ni moto. Akriliki ni jamaa ya plastiki. Pasi ikiigusa inalala, inang'aa, inalegea, na hairudi tena. Karibu na jiko la mkaa inayeyuka, na ikishika moto inawaka huku ikiyeyuka, na kitu kinachoyeyuka kwenye ngozi ni kibaya kuliko kinachoungua. Shali ya akriliki kwa mtu anayepika kwenye mafiga matatu, mimi sitoi.

Na hii habari ya pasi usiipuuze kwa huku kwetu. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, chini ya miembe hasa, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayevaa. Ndiyo maana mama anayejali hupiga pasi ya moto kila nguo ya mtoto, mpaka nepi. Sasa umemletea kofia ya akriliki. Akiipiga pasi, imeharibika. Asipoipiga, moyo hautulii. Kwa nguo za mtoto mchanga chagua pamba. Pamba inavumilia pasi ya moto, inachemshika, inavuta jasho. Inalimwa hapa hapa Igunga na Nzega, ingawa uzi wake wa kufumia utautafuta zaidi kuliko akriliki. Ina kasoro zake: ni nzito, haina mnyumbuliko, ikiloa inachelewa kukauka. Kama tayari umenunua akriliki, mwambie mama aianike juani kabisa au ndani ya nyumba, isilale kambani chini ya mti.

Sufu ndiyo yenye joto la kweli. Inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaanza kuihisi imeloa, na hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Kwa ndugu aliye kwenye theluji hilo ni jambo kubwa: skafu inapumuliwa asubuhi nzima, inapata mvuke, na ikiwa ni ya pamba inageuka kitambaa cha baridi shingoni. Sufu pia haishiki moto kirahisi. Lakini inaogopa vitu viwili ambavyo kila nyumba ya huku inavyo, maji ya moto ya kusugulia na sabuni kali. Vikikutana, nywele zake hushikana na nguo inasinyaa moja kwa moja.

Shangazi yangu wa Manyovu nilipompa shali ya sufu aliikagua mbele na nyuma, akanigeukia.

"Sasa mwanangu, hii nitaifulia nini? Maana mimi sabuni yangu ni ya mche."

"Tumia shampuu ya nywele, shangazi. Maji ya baridi, uiminye tu, usiisugue."

"Shampuu! Kumbe nguo nayo inakwenda saluni?"

Alicheka, lakini ndivyo ilivyo: sufu ni nywele za kondoo, na kinachofaa nywele kinaifaa. Isikamuliwe kwa kusokota, ikunjwe ndani ya taulo na kukandamizwa, kisha ilazwe ikauke bapa.

Uzi wa sufu utaupata wapi? Mitumbani. Sweta nene za wanaume zinazoning'inia bila mteja kwa sababu zina tundu kiwikoni, hizo ndizo zenyewe. Ila kabla hujalipa, geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukikuta vipande viwili vya kufumwa vimeungwa kwa uzi mmoja unaoweza kuuvuta, nunua. Utaifumua sweta nzima kwa uzi mrefu usiokatika. Ukikuta ovaloki, weka chini. Maana yake kitambaa kilikatwa kwa mkasi, na kila mstari utatoka kipande kifupi peke yake. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi: uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukajisokota, uloweke kwa maji ya vuguvugu, uutundike na uzito kidogo chini mpaka ukauke. Unanyooka.

Lebo ikiwa imekatwa, jaribu kwa kiberiti. Kata kipande cha uzi cha urefu wa kidole, ukishike kwa kibano juu ya sahani ya bati. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima yenyewe ukiondoa moto, na majivu yake yanapukutika ukiyabonyeza. Pamba inanuka karatasi na inaacha majivu laini ya kijivu. Akriliki inawaka kwa moshi mweusi, inayeyuka, na inabaki punje ngumu isiyovunjika kwa kidole. Uzi wa mchanganyiko utakupa dalili mbili kwa pamoja, na hapo uhesabu kwamba una tabia ya ule dhaifu: usiupige pasi, usiuchemshe.

Krismasi au Idi

Picha ya Krismasi yenye skafu na kofia nene ni ya huko inakoanguka theluji. Tabora Desemba ni mvua, tope na joto la unyevu. Zawadi ya kuvaa ya Krismasi itakaa miezi mitano kabla haijapata siku yake, na kama ni sufu, nondo watakuwa wamefika kwanza. Kwa hiyo Krismasi nawafumia watu wa aina tatu tu: watoto wachanga, ndugu walio nje ya nchi, na wanafunzi wanaorudi bweni kusini Januari, kwa sababu soksi ikishaingia sandukuni itawakuta nayo Juni. Wa nje ya nchi wanahitaji kifurushi kiondoke mapema sana. Ukikipeleka posta Desemba umemtumia zawadi ya Pasaka.

Idi ya kuchinja kwa miaka hii ina bahati. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, na kila mwaka inasogea nyuma siku kama 11, kwa hiyo kwa muda bado itakuwa mlangoni mwa baridi yetu. Mzula au shali ikitolewa siku hiyo inavaliwa jioni ile ile. Nikilazimika kuchagua sikukuu moja ya kutolea vitu vya baridi Tabora na Kasulu, ni hii.

Kiasi cha uzi, na njia ninayoichagua

Haya ni makadirio kwa uzi wa unene wa kati, isipokuwa soksi na kofia ya Idi zinazotaka uzi mwembamba.

| Zawadi | Uzi | Njia | Nyuzi za kuchagua |
|---|---|---|---|
| Mzula wa mtu mzima | gramu 80–100 | sindano mbili | akriliki. Sufu kwa aliye kwenye theluji |
| Skafu, sm 20 × 160 | gramu 150–200 | yoyote | sufu, au akriliki laini |
| Soksi za mtu mzima | gramu 70–100 | sindano tano | sufu au mchanganyiko |
| Shali | gramu 300–400 | kroshia | sufu au pamba kwa anayepika kwa kuni |
| Kofia ya Idi | gramu 50 hivi | kroshia | pamba tu |
| Kofia ya mtoto mchanga | gramu 20–30 | sindano mbili | pamba |
| Blanketi la mtoto, sm 80 × 80 | gramu 300–400 | kroshia | pamba |

Kwa mara ya kwanza kabisa ukiniuliza, nitakuambia skafu. Haina kipimo cha kukosewa na inavumilia mkono usiotulia. Ila inachosha, katikati utaichukia. Mzula unakwisha upesi na unafundisha zaidi, mradi upime. Kichwa cha mtu mzima kina mduara wa sentimita 56 hivi, na mzula hufumwa pungufu ya hapo kwa sentimita 4 au 5 ili uvutike ukae. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, uhesabu vitanzi. Tuseme una 22 kwa kila sentimita 10 na unataka mzula wa sentimita 52: hiyo ni 114 na ushee. Chukua 112 au 116, maana mshono wa viwili mbele viwili nyuma unataka idadi inayogawanyika kwa 4.

Mtoto mchanga anahitaji maneno yake. Mama anayekwenda kujifungua hospitali ya Kitete hapa Tabora au Maweni ya Kigoma huwa na kofia na soksi kwenye begi hata kama nje jua linachoma, na wako sahihi wanaomwagiza hivyo, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwa. Njiti wanaolelewa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, huvalishwa kofia, soksi na nepi. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina sentimita 35 hivi, unyayo karibu sentimita 8. Usiweke kamba ya kufunga shingoni, wala kifungo, wala kile kishada cha juu anachoweza kukinyonya mpaka kikatoka. Glovu zake zigeuzwe ndani nje zikaguliwe: uzi uliolegea ndani unaweza kujifunga kwenye kidole na kuzuia damu, na mtoto atalia bila mtu kujua sababu. Ndoano ikishatoa tundu kubwa kuliko ncha ya kidole chake, hiyo si glovu ya mtoto, ifumue.

Ukimaliza, shona kwa ndani kipande kidogo cha utepe au weka kikaratasi chenye mistari miwili: uzi ni wa nini, na unafuliwaje. Kama ni akriliki, andika kwa herufi kubwa USIPIGE PASI, na umwambie pia kwa mdomo yule dada wa kazi anayefua, kwa sababu mara nyingi kikaratasi kitasomwa na mwenye nyumba na nguo itafuliwa na mwingine.